Shanta ya vipande

Shanta ya vipande (pia: begi la mgongoni la vipande) ni mfuko unaobebwa mgongoni kwa mikanda miwili ya mabegani. Umetengenezwa kwa sehemu zinazoweza kuunganishwa, kutenganishwa na kubadilishwa. Sehemu kuu ni mwili wa shanta wenyewe. Sehemu nyingine, kama vifuko vya nje, mfuko wa kompyuta, kifuko cha kalamu au mkanda wa kiunoni, huongezwa au kuondolewa kulingana na safari ya siku hiyo.

Shanta ya matumizi ya siku moja kwa kawaida hubeba lita 15 hadi 25. Inaweza kushonwa nyumbani kwa cherehani ya kawaida, mradi mshonaji achague kitambaa, sindano na uzi vinavyofaa, na aimarishe sehemu zinazobeba uzito.

## Historia

Kubeba mizigo mgongoni ni jambo la kale sana. Mwaka 1991 mwili wa mtu aliyeishi zaidi ya miaka 5000 iliyopita uligunduliwa katika barafu ya milima ya Alpi, mpakani mwa Austria na Italia. Mtu huyo amepewa jina la Ötzi. Karibu naye palipatikana kijiti kilichopindwa pamoja na vibao vyembamba, ambavyo watafiti wengi wanaviona kuwa fremu ya kubebea mzigo mgongoni.

Mwaka 1909 Mnorwe Ole F. Bergan alipata hataza ya shanta yenye fremu iliyofuata umbo la mgongo. Mwaka 1952 Dick Kelty wa Marekani alianza kuuza shanta zenye fremu ya alumini, zilizohamishia sehemu ya uzito kiunoni. Naironi, iliyobuniwa mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont, polepole ilichukua nafasi ya marudufu ya pamba kwa sababu ni nyepesi na haiozi upesi.

Mfumo wa vipande unaojulikana zaidi leo ulitoka jeshini. Katika miaka ya 1990 jeshi la Marekani lilianzisha mfumo uitwao MOLLE, ambamo vifuko hufungwa juu ya safu za mikanda iliyoshonwa mlalo, mfano wa ngazi. Vipimo vyake ni vya kudumu: kila mkanda una upana wa milimita 25, nafasi kati ya mkanda na mkanda ni milimita 25, na kila mkanda hushonwa kwenye kitambaa kila baada ya milimita 38. Kwa kuwa vipimo havibadiliki, kifuko kilichoshonwa na fundi mmoja huingia kwenye shanta ya fundi mwingine.

## Kitambaa na vifaa

Kitambaa cha mwili hutakiwa kustahimili kuvutwa na kusuguliwa. Vinavyotumika sana ni marudufu mazito ya pamba, naironi na poliesta. Unene wa nyuzi za naironi na poliesta hutajwa kwa kipimo cha denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9000. Kwa shanta ya siku moja denia 500 hadi 1000 hutosha. Kitambaa kinene zaidi huisumbua cherehani ya nyumbani pale tabaka nne au tano zinapokutana.

Kanga na kitenge ni vyepesi mno kwa mwili wa shanta, lakini hufaa kwa bitana. Bitana ya rangi nyepesi husaidia kuona vitu vidogo vilivyo chini ya mfuko.

Vifaa vingine ni hivi:

* Uzi wa poliesta. Uzi wa pamba huoza kwa unyevu na jasho.
* Sindano namba 100 au 110. Namba hiyo ni kipenyo cha sindano kwa sehemu za mia za milimita, hivyo sindano namba 100 ina kipenyo cha milimita 1.
* Zipu namba 8 au 10 kwa mlango mkuu, na namba 5 kwa vifuko. Namba hukaribia upana wa meno ya zipu iliyofungwa, kwa milimita.
* Mikanda ya upana wa milimita 25 kwa ngazi na vifuko, na milimita 38 kwa kuimarisha mabega.
* Bizimu za plastiki za kurekebisha urefu wa mikanda.
* Sponji ngumu ya unene wa sentimita 1 kwa mikanda ya mabegani na upande wa mgongo.

Bizimu, zipu na mikanda mara nyingi hupatikana kwa kufumua mabegi chakavu. Kabla ya kuvitumia tena ni vizuri kukagua kama plastiki haijapauka na kupata nyufa, kwa kuwa jua huidhoofisha.

## Vipimo na ukataji

Mfano ufuatao ni wa shanta yenye kimo cha sentimita 45, upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 14. Ujazo wake ni 45 × 30 × 14 = sentimita za ujazo 18,900, yaani karibu lita 19. Kila upande huongezwa sentimita 1.5 za mshono.

* Kipande cha mbele: 33 × 48, kimoja.
* Kipande cha mgongo: 33 × 48, kimoja cha kitambaa kizito na kimoja cha bitana.
* Vipande vya zipu: 9 × 73, viwili.
* Kipande cha chini na ubavuni: 17 × 74, kimoja.

Mita 1 ya kitambaa chenye upana wa sentimita 150 hutosha kwa vipande hivi, na baki yake hutumika kwa mikanda ya mabegani na kifuko kimoja cha nje.

Hesabu ya ukanda unaozunguka shanta inahitaji uangalifu. Mzingo wa mstatili wa 45 kwa 30 ni sentimita 150. Lakini pembe za shanta huviringwa ili zisichakae upesi na zishoneke kwa urahisi. Kila pembe inayoviringwa kwa nusu kipenyo cha sentimita 5 hupunguza mzingo kwa sentimita 2 na kidogo, na pembe nne hupunguza karibu sentimita 9. Mzingo halisi basi ni takriban sentimita 141. Zipu huchukua sentimita 70, na sentimita 71 zinazobaki ni za kipande cha chini. Ukiongeza 3 za mshono unapata 74. Anayekata kwa hesabu ya 150 hujikuta na ukanda mrefu kuliko kipande cha mbele, na mshono hujaa mikunjo.

## Hatua za ushonaji

1. Ngazi ya mbele. Mikanda minne ya milimita 25, kila mmoja wa urefu wa sentimita 33, hupangwa mlalo juu ya kipande cha mbele kwa kuachana milimita 25. Mistari ya wima huchorwa kwa chaki kila baada ya milimita 38. Katika upana wa sentimita 30 huingia vyumba 7, vyenye jumla ya sentimita 26.6. Kwenye kila mstari mkanda hushonwa kwa kwenda na kurudi mara tatu au nne. Vyumba 7 vina mistari 8, hivyo mikanda minne huhitaji mishono 32. Kazi hii hufanywa kwanza, wakati kipande bado ni bapa.

2. Ukanda wa zipu. Zipu hushonwa kati ya vipande viwili vya 9 × 73, ikiachwa sentimita 2 za katikati zionekane. Hivyo upana uliokamilika huwa 6 + 2 + 6 = sentimita 14. Ncha zake huunganishwa na kipande cha chini kufanya duara.

3. Mikanda ya mabegani. Kila mkanda huwa na upana wa sentimita 6 hadi 7 na urefu wa sentimita 40 hadi 45, ukiwa na sponji ndani. Ncha ya chini hutiwa bizimu.

4. Kipande cha mgongo. Ncha za juu za mikanda ya mabegani hulazwa kwenye kipande cha mgongo, zikiachana sentimita 6 hadi 8, na juu yake hupitishwa mkanda wa milimita 38 kutoka ukingo hadi ukingo. Nyuma huwekwa kiraka cha kitambaa kizito. Kisha tabaka zote hushonwa kwa umbo la mraba lenye msalaba ndani yake. Chini, pembetatu mbili za kitambaa zenye mikanda ya milimita 25 hupigwa bandi kwenye kingo, juu kidogo ya mahali pembe inapoanza kuviringwa. Mwisho huwekwa sponji na bitana.

5. Kuunganisha. Ukanda hushonwa kwanza kwenye kipande cha mbele, kisha kwenye kipande cha mgongo, upande mzuri ukiwa ndani. Zipu huachwa wazi. Ikifungwa, shanta haiwezi kugeuzwa. Kingo za ndani hufunikwa kwa utepe ili nyuzi zisichomoke.

Urefu wa mshono unaofaa ni milimita 3 hadi 3.5. Mshono mfupi mno hutoboa kitambaa matundu yanayokaribiana, na kitambaa huchanika kwenye mstari huo kama stempu. Kitambaa chenye utando wa kuzuia maji hakipigwi pini, kwa sababu kila tundu hubaki. Vibanio vya nguo hutosha kukishikilia.

Cherehani nyingi za zamani za kukanyaga hazina mshono wa kurudi nyuma. Hilo halizuii kazi: sindano huachwa ndani ya kitambaa, mguu wa cherehani huinuliwa, kitambaa hugeuzwa, na mshono hurudiwa juu ya ule wa kwanza.

## Vifuko vya kuongeza

Kifuko cha nje cha vyumba vinne huwa na upana wa milimita 152. Mgongoni mwake hushonwa mikanda mitatu ya mlalo, iliyopangwa ili ikae katika nafasi zilizo kati ya mikanda minne ya shanta. Mikanda miwili ya wima, iliyoshonwa juu ya kifuko, hupenyezwa chini ya mkanda wa shanta, kisha chini ya mkanda wa kifuko, kisha wa shanta tena, kama ukili unavyosukwa. Ncha hufungwa kwa kishikizo cha kubonyeza. Kifuko kilichosukwa hivyo hakichezi, kwa kuwa uzito wake umegawanywa kwa mikanda yote.

Mfuko wa kompyuta huning'inizwa ndani kwa upande wa mgongo. Kitako chake hutakiwa kuwa sentimita 2 au 3 juu ya sakafu ya shanta, ili shanta ikiwekwa chini kwa kishindo kompyuta isigonge.

## Faida na mapungufu

Faida kubwa ya shanta ya vipande ni kwamba kipande kilichoharibika hubadilishwa peke yake. Kifuko chenye zipu mbovu hakimlazimu mwenyewe kununua begi jipya. Mwanafunzi anaweza kuondoa vifuko siku za masomo machache na kuvirudisha siku za safari.

Mapungufu yake ni uzito wa mikanda na bizimu za ziada, pamoja na wingi wa mishono. Kila tundu la sindano linaweza kupitisha maji, hata kama kitambaa chenyewe hakipitishi. Kwa hiyo vitabu na vyombo vya umeme huwekwa kwanza katika mfuko wa plastiki wakati wa mvua.

## Usalama na uzito

Sehemu inayokatika kwanza katika mabegi mengi ni pale mkanda wa begani unapoungana na mgongo, kwa sababu kila hatua ya mbebaji huuvuta upya. Kabla ya kutumiwa, shanta mpya hujazwa mzigo mara mbili ya ule uliokusudiwa, huning'inizwa kwa mkanda mmoja mmoja, na mishono yake hukaguliwa. Uzi ukionekana kunyooka au matundu ya sindano kupanuka, kiungo hicho hushonwa upya kwa kiraka kikubwa zaidi.

Shanta imara haimaanishi mzigo mkubwa. Ushauri wa kawaida ni kwamba mtoto asibebe zaidi ya asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mwili wake. Sera ya India ya mwaka 2020 kuhusu mifuko ya shule iliweka asilimia 10. Kwa mtoto wa kilo 30, asilimia 10 ni kilo 3 pamoja na uzito wa shanta yenyewe. Ndiyo maana kwa watoto wadogo vifuko vya nje hupunguzwa, kwani kila nafasi tupu hukaribisha kitu cha kujazwa.

Vitu vizito huwekwa karibu na mgongo, na mikanda yote miwili huvaliwa na kukazwa hadi kitako cha shanta kisishuke chini sana ya kiuno.

## Matunzo

Shanta huoshwa kwa mkono kwa maji baridi na sabuni, zipu zikiwa wazi, na huanikwa kivulini. Naironi na poliesta hazipigwi pasi ya moto kwa sababu huyeyuka. Tabia hiyohiyo huwa na manufaa wakati wa kushona: ncha ya mkanda iliyokatwa hupitishwa haraka karibu na mwali wa moto ili nyuzi zishikane. Kazi hiyo hufanywa mahali penye hewa ya kutosha, mbali na watoto. Mkanda wa pamba hauyeyuki, hivyo ncha yake hukunjwa na kushonwa.