Nani Aligonga Ile Kengele?

Wasee, leo naanza kwa kukiri kosa. Mwaka jana nilirekodi klipu ya jamaa anayegonga kengele kwenye bendi ya kanisa moja mtaani kwetu. Wenzake wana gita, kinanda na ngoma. Yeye amesimama kwa kona na kengele moja na kijiti, ti-ti-ti-ti, macho amefumba, jasho linamtoka kama mtu amebeba simiti ghorofa ya tano. Nikaweka maneno ya kuchekesha juu yake, nikapost. Hiyo klipu ilitazamwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka. Wiki mbili baadaye jamaa hakuwa kwa bendi tena. Nikaambiwa ameacha, siku hizi anakaa viti vya nyuma kama washirika wengine.

Kitu kilichoniuma zaidi ni hiki: nilitaka kumtafuta niombe msamaha, nikagundua hata jina lake silijui.

Klipu nilifuta. Halafu nikaanza kusoma kuhusu hiki chombo nilichokuwa nakicheka, na kumbe kengele ya ng'ombe ina historia ndefu kuliko gita la umeme. Na kumbe pia mimi sikuwa wa kwanza kuicheka. Kuna kichekesho kimoja cha Marekani kiliifanya iwe mzaha wa dunia nzima.

Tarehe 8 Aprili 2000, kwenye kipindi cha Saturday Night Live huko New York, mgeni wa wiki alikuwa Christopher Walken, mwigizaji mwenye sura ya kazi na Oscar nyumbani. Kichekesho kinaturudisha studio mwaka 1976, bendi ya Blue Öyster Cult inarekodi "(Don't Fear) The Reaper". Will Ferrell ni Gene Frenkle, mpiga kengele aliyevaa shati la kubana mpaka tumbo linachungulia. Anagonga kwa nguvu, anakata kiuno, anawagongea wenzake usoni. Bendi inakasirika. Lakini prodyuza, ambaye ni Walken, hataki kusikia. Kila wakisimama, yeye anataka kengele iongezwe. Anasema ana homa, na dawa ni hiyo kengele tu. Jimmy Fallon, aliyekuwa kwa ngoma, alishindwa kabisa kujizuia kucheka mbele ya kamera.

Kama hujaiona, itafute. Inachekesha, sikatai.

Baada ya hapo mambo yakatoka mkononi. Kilio cha "kengele zaidi" kikaingia kwa tishati, kikombe, kibandiko cha gari. Kilikuwa meme kabla wengi wetu hatujajua neno meme. Timu ya besiboli ya Tampa Bay Rays ilipofika fainali za World Series mwaka 2008, mashabiki walikuwa wanaingia uwanjani na kengele mkononi. Mwaka 2005 Ferrell alirudi kwenye kipindi hichohicho akiwa Gene Frenkle, akagonga kengele na bendi ya Queens of the Stone Age. Na Ferrell amewahi kusimulia kwenye runinga kwamba Walken alimlalamikia, eti watu wanamfuata na kengele hadi kwa tamthilia zake za jukwaani. Mzee ameigiza miaka na miaka, halafu watu wanamkumbuka kwa kengele!

Sasa tuje kwa ukweli, kwa sababu hapa ndipo story inanishika.

Kwanza, Gene Frenkle hakuwahi kuishi. Kichekesho kinaisha na picha ya kumbukumbu yake, kama amekufa mwaka huo wa 2000, na kuna watu waliamini. Ni wa kubuni. Pili, Bruce Dickinson, jina alilopewa Walken, lilikuwa la mtu wa kampuni ya rekodi aliyeshughulikia matoleo mapya ya nyimbo za zamani. Hakuwa prodyuza wa wimbo huo (na si yule mwimbaji wa Iron Maiden, msichanganye). Prodyuza walikuwa David Lucas, Murray Krugman na Sandy Pearlman. Tatu, kwenye kichekesho anayeimba ni Eric Bloom, lakini kwenye rekodi halisi sauti ni ya Donald Roeser, anayejulikana kama Buck Dharma, ambaye pia ndiye aliyeutunga.

Na kengele ya kweli je? Nenda uusikilize huo wimbo na earphone. Kengele iko, lakini iko mbali, kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Joe Bouchard, aliyepiga besi, alisimulia kwamba prodyuza kweli aliomba kengele iwekwe. Ndugu yake Albert, mpiga ngoma, akamwona kama amepagawa, lakini akaizungushia tepu ili isilie kwa ukali, akaigonga, na wimbo ukashikana. David Lucas naye amesema ni yeye mwenyewe aliyeigonga, na Eric Bloom anamuunga mkono.

Umeona? Wimbo ulifika nambari 12 kwenye chati za Billboard mwaka 1976, na kengele yake ndiyo maarufu kuliko zote duniani, lakini watu waliokuwa ndani ya studio moja hawakubaliani ni nani aliigonga. Nadhani sababu ni rahisi: wakati huo ilionekana kitu kidogo. Nani anaandika jina la mtu wa kengele? Kwa hiyo anayepewa sifa mpaka leo ni mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Niliposoma hapo nikakumbuka klipu yangu, nikafunga simu kidogo.

Turudi nyuma zaidi, tuone ilifikaje kwa roki. Wafugaji wa milima ya Alps walifunga ng'ombe kengele ili mnyama akipotea kwa ukungu wamsikie. Hata hapa kwetu wafugaji wanafanya hivyo. Gustav Mahler, mtunzi wa Austria, aliingiza kengele hizo za mifugo kwenye Simfoni yake ya 6, iliyopigwa mara ya kwanza mwaka 1906, zikilia kwa mbali kama malisho ya milimani.

Lakini mdundo wa kengele kwenye roki haukutoka Alps. Huo ni wetu, wa Afrika. Kwa Waewe wa Ghana na Togo kuna gankogui, kengele pacha ya chuma. Wayoruba nao wana agogo. Kwenye ngoma za Waewe, kengele ndiyo inashika mdundo ambao kila mtu anajipima nao. Ngoma kubwa inaweza kucheza inavyotaka, waimbaji wakaruka, lakini kengele haitikisiki. Ikiyumba, wote wamepotea. Fikiria makanga: anagonga bodi ya mat mara mbili, dereva anaondoka. Hakuna abiria anayemshangilia kwa hiyo kazi, lakini asipogonga hatuendi popote.

Waafrika walipopelekwa utumwani Kuba, waliendeleza midundo hiyo kwa chuma walichopata. Waligonga jembe. Waligonga kengele ya ng'ombe iliyotolewa ulimi wa ndani. Hiyo ikaitwa cencerro, ikawa uti wa mgongo wa muziki wa Kuba. Kutoka hapo ilienda pande mbili. Upande mmoja, rekodi za Kuba zilizojulikana kama GV zilifika Kongo kuanzia miaka ya 1930 na kusaidia kuzaa rumba ya Kongo, ile ambayo babu na nyanya zenu walichezea mkidhani walizaliwa wazee. Upande wa pili, mambo ikateka kumbi za New York, na wapiga ngoma wa Marekani, ambao tangu enzi za jazi ya kwanza walikuwa na kengele kwa seti zao, wakazidi kuizoea.

Roki ilipokuja, kengele ilikuwa tayari imekaa hapo juu ya ngoma kubwa ikingoja. The Beatles waliitumia 1964 kwenye "A Hard Day's Night". The Chambers Brothers waliitumia kama saa inayohesabu sekunde kwenye "Time Has Come Today". "Honky Tonk Women" ya Rolling Stones, 1969, inaanza na kengele kabla ya ngoma, na aliyeigonga ni prodyuza wao, Jimmy Miller. Mwaka 1970 kundi la Mountain likatoa "Mississippi Queen", kengele ya Corky Laing ikiwaita wenzake waingie. War wakaja na "Low Rider" mwaka 1975. Hakuna aliyecheka. Ilikuwa kazi tu.

Na kama unafikiri hii ni mambo ya wazee, ngoja. Mwaka 1980 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine ya midundo, TR-808. Ndani yake kulikuwa na "kengele" isiyo na chuma hata kidogo, ni saketi za umeme tu. Utaisikia kwa "I Wanna Dance with Somebody" ya Whitney Houston, 1987. Na zile phonk mnazowekea video za magari yakiteleza TikTok? Sauti ile kali inayobeba tuni ni kengele ya 808. Umekuwa ukiomba kengele zaidi miaka yote hii bila kujua.

Sasa maoni yangu. Kuna watu wanasema kile kichekesho kiliharibu wimbo. Wana hoja. Buck Dharma aliutunga akifikiria kifo, baada ya kujua moyo wake una shida ya mapigo, akijiuliza kama wapendanao watakutana tena upande wa pili. Ni wimbo mzito, na sasa kengele ikilia watu wanaangua kicheko. Lakini pia vijana wangapi wa 2000 kuendelea wangeujua bila Ferrell?

Mimi sioni kwamba kosa ni kucheka. Ferrell amesema wazo lilianza kwa kuisikia ile kengele kwa mbali na kujiuliza, huyu mtu anayeigonga, maisha yake yakoje? Aliuliza swali kuhusu mtu. Akampa jina, hata kama ni la kubuni. Akampa nafasi ya kujitetea mbele ya bendi, na mwisho wa kichekesho bendi inaelewana naye na kengele inaendelea. Mimi niliona mtu wa kweli, jina analo, na sikuuliza chochote. Nilichukua sekunde kumi na nne za maisha yake nikazigeuza vyuus. Hiyo ndiyo tofauti, na ni kubwa kuliko nilivyotaka kukubali.

Jumapili mbili zilizopita nilienda pale kanisani, safari hii simu ikiwa mfukoni. Bendi ilipiga, na nyimbo za kusifu zilikuwa zinakimbia. Mpiga ngoma ni kijana wa Form Three, akisisimka anaongeza kasi, waimbaji wanabaki nyuma wakihema. Nilikuwa nimesoma vya kutosha kujua ni nini kimekosekana.

Baada ya ibada nilimfuata jamaa. Nikamwambia, "Bro, samahani, ni mimi niliyepost." Akasema anajua. Tukakaa kimya kidogo. Nikamuuliza jina, akaniambia. Nikamuuliza kama naweza kuandika jina lake hapa, akakataa. Akasema alitajwa mara moja bila kuulizwa, inatosha. Nikamuuliza kama atarudi kwa bendi. Akasema ataona.

Bado hajarudi. Kwa hivyo sina mwisho mtamu wa kuwapa.

Lakini wewe uliye kwa bendi, kwaya, kundi la densi au studio ya chumbani, una mtu wenu wa kengele. Anaweza kuwa anapiga kayamba, anashika taa, au anabonyeza kitufe kimoja tu. Mkipost kazi yenu, muulizeni kama anataka kutajwa, na akikubali andikeni jina lake vizuri. Kisha njoo hapa chini uniambie: kwenu ni nani, na asipokuja mnasikia nini?