Soleimany dhidi ya Soleimany

Soleimany dhidi ya Soleimany ni kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Uingereza mwaka 1998. Wadaawa walikuwa baba na mwanawe waliogombania mapato ya biashara yao ya mazulia. Kesi hiyo hutajwa mara nyingi katika masomo ya sheria kwa sababu inajibu swali gumu: je, mahakama inaweza kukataa tuzo ya usuluhishi ingawa pande zote mbili zilimchagua msuluhishi kwa hiari yao?

Usuluhishi na tuzo

Usuluhishi ni njia ya kumaliza mgogoro nje ya mahakama. Wenye mgogoro hukabidhi shauri lao kwa mtu mmoja au zaidi na kukubali kwamba uamuzi wake utawafunga. Uamuzi huo huitwa tuzo. Usuluhishi ni tofauti na upatanishi, kwa kuwa mpatanishi huwasaidia wagombanao kuelewana lakini hana mamlaka ya kuamua.

Familia zenye biashara hupenda usuluhishi kwa sababu ni wa faragha. Mambo ya nyumbani hayaanikwi hadharani, na msuluhishi anaweza kuwa mtu anayezijua desturi au dini ya wahusika.

Kwa kawaida tuzo ni ya mwisho. Mahakama haisikilizi shauri upya kwa sababu tu aliyeshindwa anaona msuluhishi alikosea. Kwa mujibu wa Sheria ya Usuluhishi ya Uingereza ya mwaka 1996, anayeipinga tuzo hupewa siku 28, na hoja zinazokubalika ni chache: msuluhishi hakuwa na mamlaka, uendeshaji wa shauri ulikuwa na kasoro kubwa iliyoleta dhuluma, au, kwa masharti magumu, msuluhishi alikosea sheria. Pamoja na hayo, mahakama inaweza kukataa kutekeleza tuzo inayopingana na sera ya umma, yaani misingi ya sheria na maadili ambayo watu binafsi hawawezi kuiondoa kwa mapatano yao. Kesi ya Soleimany inahusu msingi huo wa mwisho.

Chanzo cha mgogoro

Baba na mwana walikuwa Wayahudi wenye asili ya Iran. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwana alishughulikia kutoa mazulia Iran, na baba akayauza Uingereza na kwingineko. Mazulia hayo yalitolewa kinyume cha sheria za Iran za mapato na za kusafirisha bidhaa nje. Kwa maneno mengine, yalikuwa magendo.

Baadaye walitofautiana kuhusu mgawanyo wa fedha. Walikubaliana kulipeleka shauri kwa Beth Din ya London, ambayo ni mahakama ya kidini ya Kiyahudi, liamuliwe kwa sheria ya Kiyahudi. Machoni pa sheria ya Uingereza, huo ulikuwa usuluhishi.

Tuzo ilimpa mwana zaidi ya pauni nusu milioni. Habari ya magendo haikufichwa, bali ilielezwa katika tuzo yenyewe. Hata hivyo, kwa sheria ya Kiyahudi iliyotumika, uharamu huo haukubadilisha haki za washirika wao kwa wao. Mwana akaenda Mahakama Kuu ili tuzo itekelezwe kama hukumu. Baba alipinga, na shauri likafika Mahakama ya Rufaa.

Uamuzi

Mahakama ya Rufaa ilikubali rufaa ya baba na kukataa kutekeleza tuzo. Hukumu ilitolewa na jaji Waller. Mahakama haikusema kwamba watu hawana haki ya kuchagua Beth Din au sheria ya Kiyahudi. Ilisema kwamba mkataba wa kutenda kosa katika nchi rafiki hautekelezwi na mahakama za Uingereza, na kwamba kupitia kwa msuluhishi hakuufanyi mkataba huo kuwa safi. Ilitoa mfano wa wanyang'anyi wawili wa barabarani: mahakama haitambui mapatano yao ya kugawana nyara, wala mapatano yao ya kupeleka ugomvi wao kwa msuluhishi.

Matokeo yake ni kwamba baba, aliyeshiriki biashara ileile, aliepuka kulipa. Lakini lengo la kanuni hiyo si kumnufaisha mdaiwa. Lengo ni kuzuia nguvu ya mahakama isitumike kukusanya mapato ya uhalifu.

Majaji waligusia pia hali ambapo uharamu hauonekani wazi katika tuzo. Walisema kuwa penye dalili za uharamu mahakama inaweza kufanya uchunguzi mfupi, bila kuendesha kesi nzima upya. Jambo hilo lilipingwa mwaka 1999 katika kesi ya Westacre, iliyohusu madai ya rushwa katika mauzo ya zana za kijeshi kwa Kuwait. Wasuluhishi walikuwa wamekwisha kuyakataa madai hayo, na majaji walio wengi wakaiacha tuzo itekelezwe. Waller alibaki peke yake upande wa pili.

Afrika Mashariki

Kanuni ya sera ya umma ipo pia katika sheria za eneo hili. Nchini Kenya, kifungu cha 35 cha Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 1995 kinaruhusu Mahakama Kuu kutengua tuzo inayopingana na sera ya umma, na ombi hupelekwa ndani ya miezi mitatu. Ibara ya 159 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inahimiza usuluhishi na njia za jadi, lakini njia za jadi hazitakiwi kwenda kinyume cha haki, maadili, Katiba au sheria iliyoandikwa. Hivyo wazee wanaweza kuamua ugomvi wa duka au shamba la familia, lakini hawawezi kuhalalisha kilichoharamishwa na sheria.