Kuoshewa Gari Bila Kuomba
Desturi ya wauzaji wa magari nchini Marekani kumwoshea mteja gari lililoletwa kwa matengenezo, hata asipoomba, ilipata mfano wake maarufu Desemba 1989, Lexus ilipoyaita magari ya LS 400 yapatayo 8,000 ili kurekebisha kasoro, kisha yakarudishwa kwa wenyewe yakiwa yameoshwa na matangi yamejazwa mafuta. Ukarimu huo ulisifiwa sana, lakini ulikuja wakati rangi za magari zilikuwa zimebadilika, kwani katika miaka ya 1980 viwanda vingi vilianza kupaka juu ya rangi tabaka angavu, yaani vanishi ya kulinda na kung'arisha, ambayo huonyesha kila mkwaruzo. Mchanga ulionaswa katika brashi za mashine, au katika kitambaa kilichopitishwa kwenye magari kadhaa bila kusuuzwa, huacha michirizi myembamba ya mviringo inayoonekana waziwazi juani, hasa kwenye gari jeusi. Ndiyo maana baadhi ya wenye magari huning'iniza kwenye kioo cha ndani karatasi ya kukataza gari lisioshwe, na wana haki kabisa, kwa kuwa aliyeleta gari libadilishwe oili hakukabidhi rangi yake, na michirizi hiyo huondolewa kwa kusugua tabaka lilelile, ambalo kila msuguo hulipunguza unene.