Mawe yanayoitwa Songea
Ukikaa Songea mjini, malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka, Mbinga, utayaona tu yakielekea bandari ya Mtwara. Mzigo ule zamani ulikuwa kinamasi. Zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita mito ilimwaga mchanga na tope bonde la Ruhuhu. Mimea ikazikwa, ikagandamizwa, ikapata joto, ikawa makaa. Mchanga nao, uliomomonyoka kutoka miamba mikongwe zaidi, ukashikana ukawa mwamba upya. Wanajiolojia huziita tabaka hizi Kundi la Songea.

Juu ya makaa kuna tabaka changa zaidi, za Manda, zenye mifupa iliyogeuka jiwe. Miaka ya 1930 Parrington, Mwingereza wa Cambridge, aliikusanya akaondoka nayo. Mfupa mmoja wa mkono ulikaa London hadi 2013 ndipo mnyama wake akatangazwa: Nyasasaurus parringtoni, huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana. Yaani jina la ziwa, kisha la aliyebeba! Mimi namkubali zaidi Asilisaurus kongwe, ndugu wa dinosaria kutoka tabaka hizohizo, aliyetangazwa 2010. Huyo angalau ana Kiswahili. Mfupa wa London bado uko London.