Saikosisi, dimensia na mtego wa "démence"

Katika vituo vya afya vya Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, kitabu cha wagonjwa huandikwa kwa Kifaransa, mgonjwa huhojiwa kwa Kiswahili, na nyumbani kwake huzungumzwa Kihunde, Kinyarwanda, Kinyanga au Kikomo. Neno likipotoka njiani, mgonjwa hupotea nalo. Linaloniogopesha kuliko yote ni "démence".

Katika Kanuni ya Adhabu ya Ufaransa ya 1810, "démence" ilikuwa wazimu wa namna yoyote. Aliyetenda kosa akiwa katika hali hiyo hakuhesabiwa mkosaji. Daktari wa leo ana maana finyu zaidi, dimensia: akili inayopungua polepole kwa sababu ubongo unaharibika, kama ilivyo katika ugonjwa alioueleza Alois Alzheimer mwaka 1906. Maana hizo mbili bado zinaishi katika neno moja. Kiswahili nacho kimejiponza, maana machapisho mengi huiita dimensia "shida ya akili", jina linalomfaa kila mgonjwa wa akili na kwa hiyo halimtambulishi yeyote.

Saikosisi ni jambo jingine. Mtu husikia sauti zisizokuwapo, huona wasivyoviona wenzake, au hushika dhana asiyoachishwa kwa ushahidi wowote. Neno hilo lilianzia kwa madaktari walioandika kwa Kijerumani: Karl Friedrich Canstatt mwaka 1841, kisha Ernst von Feuchtersleben wa Vienna mwaka 1845. Si jina la ugonjwa mmoja. Skizofrenia huleta saikosisi, lakini pia kifafa, malaria iliyopanda kichwani, kaswende iliyokaa miaka bila kutibiwa, Ukimwi na pombe. Kwa hiyo silitaki "kichaa" mahali pake. Kichaa ni jina analobandikwa mtu hadi kaburini, ilhali saikosisi nyingi hutulia kwa dawa kama haloperidoli, na nyingine huondoka malaria ikishatibiwa.

Ubongo na akili, basi, havitenganishiki kirahisi. Ufaransa ilitenga tiba ya neva na tiba ya akili mwaka 1968. Kongo bado inamwita mtaalamu wake "neuropsychiatre", na mjini Kinshasa kituo kikuu cha Chuo Kikuu, CNPP (Centre Neuro-Psycho-Pathologique), kimebeba yote mawili katika jina lake. Mjini Goma kuna Tulizo Letu, kituo cha Mabruda wa Upendo. Kwa Kiswahili naona neurosaikiatria iitwe tu "tiba ya ubongo na akili". Tatizo ni umbali: Masisi-kati iko kilomita zipatazo 80 kutoka Goma, Walikale zaidi ya 200, na mvua ikinyesha barabara hazihesabiwi kwa kilomita. Uamuzi wa kwanza hubaki mikononi mwa muuguzi wa kituo, yule ambaye watu humwita "IT" (infirmier titulaire).

Sasa mtazame huyo muuguzi kazini. Vitabu vinamfundisha kwamba dalili mojawapo ya saikosisi ni kuamini kwamba watu wanakuja kukuua. Mbele yake ameketi mama kutoka Nyabiondo, Masisi, anayesema watu wenye silaha watakuja usiku huu. Je, ni dhana potofu? Huenda ni taarifa sahihi kuliko ya redio. Maana ya kitabuni hudai dhana iwe si ya kweli na isishirikiwe na jamii ya mgonjwa, kwa hiyo muuguzi hawezi kuamua peke yake. Atawauliza majirani kama nao wanafunga mizigo. Mama akisema watu hao wanaongea kupitia sufuria yake, hapo mazungumzo yanabadilika. Vivyo hivyo mjane anayesikia sauti ya marehemu mumewe ikimwita alfajiri: huo waweza kuwa msiba tu, na msiba haudungwi sindano.

Vipimo vya dimensia vina mtego wake. Kile maarufu cha Folstein, cha mwaka 1975, huuliza tarehe, mwaka, mji, na humtaka mgonjwa aandike sentensi na kunakili mchoro. Bibi aliyelima maharage maisha yake yote bila kushika kalamu ataanguka mtihani huo akiwa na akili timamu. Wapo wapimaji wanaoongeza swali la nani anatawala. Lakini mji wa Walikale ulitekwa na waasi wa M23 Machi 2025, na mapema Aprili wapiganaji wakaondoka. Jibu sahihi lilitegemea wiki. Wilayani Hai, Kilimanjaro, nchini Tanzania, watafiti walitengeneza kipimo kisichohitaji kuandika: mzee hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Hukohuko waliwahi kukuta dimensia kwa takriban asilimia 6 ya watu wenye miaka 70 na zaidi. Kipimo cha namna hiyo ndicho kingefaa Masisi, pamoja na maswali kuhusu majina ya wajukuu na bei ya mihogo sokoni.

Kwa tafsiri ya dimensia napendekeza "mmomonyoko wa akili". Mkulima wa milima ya Masisi anajua udongo unavyoondoka tabaka kwa tabaka, na kwamba hauondoki kwa sababu jirani kauroga. Hilo la mwisho si mzaha. Mwaka 2021 wilayani Kalehe, inayopakana na Masisi, wanawake waliuawa kwa kushutumiwa uchawi, na bibi anayetangatanga usiku akiongea peke yake hushukiwa upesi.

Limebaki neno la tatu, lililomo tayari katika lugha: kuweweseka. Mzee aliyekuwa mzima juzi na leo hamtambui mwanawe, asubuhi ana nafuu na jioni anapiga kelele, hajapata dimensia ghafla. Anaweweseka, na nyuma yake kuna malaria, nimonia, upungufu wa maji au dawa. Akiandikiwa "démence", atarudishwa nyumbani kufa kwa ugonjwa unaotibika.

Watangazaji wa redio za jamii, na ninyi mnaofundisha wauguzi na warelé (wahudumu wa afya wa kujitolea katika jamii): acheni "shida ya akili" kwa haya matatu. Semeni saikosisi, semeni mmomonyoko wa akili, semeni kuweweseka. Na anayeweweseka leo, apelekwe kituoni leo.