Swali la Mama Mmoja wa Norwe

Mtoto akichelewa kukaa, kutembea au kusema, maneno huwa mengi kwa majirani. Huyu atasema karogwa, yule atasema ni laana ya ukoo wa mama yake. Leo tunamkumbuka mama aliyetaka kujua sababu yenyewe.

Borgny Egeland wa Norwe alizaa watoto wawili, msichana na mvulana. Walipozaliwa walionekana wazima, lakini miaka ilivyopita, akili zao hazikukua. Mama aligundua na jambo jingine: watoto walikuwa na harufu isiyo ya kawaida, na ilitoka kwenye mkojo. Alizunguka kwa madaktari miaka kadhaa bila kupata jibu.

Mwaka 1934 alimfikia Asbjørn Følling, daktari wa mjini Oslo aliyesomea pia kemia. Følling alitia matone ya dawa ya kupimia kwenye mkojo wa watoto. Mkojo ukageuka kijani, rangi ambayo hakuitarajia. Akaomba mkojo zaidi. Mama akaleta tena na tena, hata zikafika lita 20 hivi. Baada ya wiki nyingi za kuchuja na kupima, daktari akaipata asidi ambayo haikupaswa kuwamo.

Kisha akapima watu 430 wenye ulemavu wa akili waliokuwa wakitunzwa katika vituo. Wanane walionyesha rangi ileile, na baadhi yao walikuwa ndugu wa tumbo moja. Hapo akaona kwamba ugonjwa huu hurithiwa. Leo unaitwa fenilketonuria, au PKU kwa kifupi, na ni wa nadra.

Unarithiwaje? Mwili wa mgonjwa hauwezi kusaga sehemu moja ya protini iliyomo katika maziwa, nyama na maharage. Sehemu hiyo hujikusanya na kuharibu ubongo. Ili mtoto augue, lazima apokee kasoro hiyo kwa baba na kwa mama, wote wawili. Wazazi wenyewe huwa wazima na hawajui kwamba wanayo. Katika kila mimba, uwezekano wa mtoto kuugua ni 1 kati ya 4. Basi anayemlaumu mama peke yake amekosea hesabu.

Mwaka 1953, Horst Bickel na wenzake wa Birmingham, Uingereza, walieleza jinsi msichana mdogo alivyopata nafuu kwa kulishwa chakula maalumu chenye kiasi kidogo sana cha sehemu hiyo. Miaka ya 1960, Robert Guthrie wa Marekani, mwenye mpwa aliyeugua PKU, alileta kipimo cha tone la damu kutoka kisigino cha mtoto mchanga. Anayegunduliwa mapema na kupewa chakula hicho hukua na akili zake timamu.

Kwa watoto wa Borgny, msaada ulichelewa. Lakini swali lake limeokoa maelfu ya watoto wa wengine.

Mzazi unayetusikiliza, ukiona mtoto wako hakui kama wenzake, mpeleke zahanati ya kambi mapema. Mweleze mhudumu yote uliyoyaona, hata harufu, hata lile linaloonekana dogo. Wewe ndiye unayemwona kila siku.