Waogiek wa Mau: Hukumu Ipo, Ardhi Bado

Oktoba 2009, Waogiek walipewa siku 30 kuhama Msitu wa Mau, nchini Kenya. Sababu waliyoelezwa ni kulinda vyanzo vya maji. Hao ndio watu walioishi humo vizazi na vizazi, wakiwinda na kurina asali!

Mzinga wa Mwogiek ni gogo lililochongwa likatobolewa, kisha likafungwa juu mtini. Kila ukoo una sehemu yake ya msitu, na huwezi kurina kwenye miti ya ukoo mwingine bila ruhusa. Maua ya bondeni na ya mlimani hayachanui pamoja, kwa hiyo mrina asali hupanda na kushuka kufuata nyuki. Mtu wa kazi hiyo akikata miti ovyo, anajinyima riziki mwenyewe.

Waliowasukuma nje na kumega Mau ni wengine. Miaka ya 1930, Tume ya Carter, ya serikali ya kikoloni, ilipendekeza “Wadorobo”, jina Waogiek walilobandikwa na majirani, wahamishiwe kwenye maeneo ya makabila mengine. Mwaka 2001 serikali ilitenga maelfu ya hekta za msitu huo kwa ajili ya makazi. Hilo lilifanyika kwenye chanzo hasa cha maji: huko Mau ndiko unakoanzia mto Mara, unaonywesha nyumbu wa Serengeti.

Waogiek walichagua njia ya sheria. Kesi waliyofungua Nairobi mwaka 1997 haikuamuliwa hadi 2014. Baada ya ile amri ya 2009, shirika lao la OPDP, chini ya Daniel Kobei, na washirika wake walilalamika kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nayo ikaifikisha kesi kwenye Mahakama ya Afrika, Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 majaji walitamka kuwa Kenya imevunja haki zao, na kwamba Waogiek hawawezi kubebeshwa lawama za kuharibika kwa Mau. Mahakama hiyo haikuwa imewahi kuamua kesi ya watu wa asili.

Juni 2022 ikaagiza walipwe fidia ya shilingi milioni 157.85 za Kenya, na wapewe hati ya pamoja ya ardhi yao ndani ya miaka miwili. Badala yake, Novemba 2023 nyumba za Waogiek zilibomolewa Sasimwani, Narok.

Miaka hiyo miwili imekwisha. Kenya iliridhia mahakama hii kwa hiari yake. Basi itii hukumu, ipime mipaka pamoja na wazee wa Waogiek, na iwakabidhi hati yao.